Mlima Ukiungua Juu ya Nyumba Yako: Kujiandaa kwa Maji ya Ghafla Bukavu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, milima inayoizunguka Bukavu, mji wetu ulio kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, inawaka. Ukisimama Kadutu usiku ukatazama upande wa Kabare, unaona mistari myekundu inapanda mteremko taratibu. Wengine wamechoma ili nyasi changa za ng'ombe zichipue, wengine wanasafisha shamba, wengine moto umewaponyoka kwenye tanuri la makala. Mwezi wa tisa mvua inarudi. Kati ya moto ule na mvua hii kuna wiki chache tu, na ndizo ninazotaka kuziandikia, kwa sababu karibu kila kitu kinachoweza kuokoa nyumba yako kinafanyika ndani yake.

Nyumba yetu iko ukingoni mwa korongo, lile tunaloliita ravini. Mwaka mmoja mteremko ulio juu yetu uliungua, nyasi pamoja na mikaratusi. Mvua ya kwanza ilipotanda, nilimwambia jirani, mama mmoja anayeuza makala, kwamba tuhamishe magunia yake. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, nimekaa hapa miaka thelathini. Hii ravini haijawahi kutufikia." Alisema kweli kabisa. Mvua ile haikuzidi dakika ishirini, na wala haikuwa kali kuliko nyingine tulizozoea. Lakini maji yalishuka meusi, mazito kama uji, yamebeba vijiti vilivyoungua, na yakapanda hadi kizingiti cha mlango wake. Hakufa mtu. Magunia yote yalikwenda ziwani.

Miaka thelathini ya mama yule ilikuwa ya mlima wenye nyasi. Mlima uliokuwa juu yetu siku ile ulikuwa mwingine. Ukikumbuka neno moja tu katika mwongozo huu, liwe hilo: baada ya moto, usiulize mvua hii inafanana na ipi ya zamani. Uliza mlima umebaki na nini.

Kwa nini mvua ileile inaleta maji mengi zaidi

Majani na nyasi huvunja nguvu ya tone la mvua kabla halijagusa ardhi. Mizizi na takataka za majani huyashika maji, yakapata muda wa kuzama. Moto ukiondoa hayo yote, tone linapiga udongo mtupu, linaurusha, na majivu laini yanaziba vitundu vya ardhi kama lipu ya ukuta.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Majani yanapoungua hutoa mvuke wenye nta na mafuta. Mvuke huo huingia ardhini, ukifika penye ubaridi, sentimita chache chini, unaganda juu ya chembe za udongo. Hapo udongo unaanza kuyakataa maji. Yanateleza juu yake kama juu ya jani la muhogo. Mikaratusi, ambayo imejaa milimani kwetu, ina majani yenye mafuta mengi, na ardhi ya chini yake inaweza kukataa maji hata kabla ya moto wowote.

Marekani wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa sababu limewaua watu wao. Desemba 2017 moto ulioitwa Thomas uliteketeza milima iliyo juu ya mji wa Montecito, California. Alfajiri ya tarehe 9 Januari 2018 mvua kali ikapiga milima hiyo kwa dakika chache. Tope lilishuka na mawe makubwa kama magari, likapita katikati ya nyumba watu wakiwa wamelala, na watu 23 wakafa. Wataalamu wa huko wanasema kusini mwa California mvua ya milimita 7 tu ndani ya nusu saa imewahi kutosha kuteremsha tope la namna hiyo kwenye mlima ulioungua. Mvua kama hiyo kwetu mtu hata hasimamishi mazungumzo.

Sisi tunajua maji ya mlimani yanavyoua hata pasipo moto. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, na waliokufa walipita mia nne. Mlima ulioungua unaongeza tu wepesi wa jambo ambalo tayari tunalo.

Hatua ya kwanza: panda ukaangalie mwenyewe

Usitegemee habari za barabarani. Subiri moto uzime kabisa, siku mbili tatu, kisha panda na mtu mwingine, asubuhi, kukiwa kumekauka. Beba jembe dogo, chupa ya maji na kijiko.

Angalia kwanza rangi. Palipobaki peusi, na vishina vya nyasi bado vimesimama kama ndevu, moto ulipita haraka. Moto wa nyasi kwa kawaida uko hivyo, na nyasi zitachipua mvua ikianza. Pabaya ni pale penye majivu meupe au ya kijivu, pasipo hata kishina, na ardhi chini yake imegeuka nyekundu au inavunjika kama unga. Hapo moto ulikaa. Utakuta pengine mashimo ardhini mahali mizizi ilipoungulia ndani. Angalia usitumbukize mguu, kwani chini kunaweza kuwa bado na makaa.

Halafu fanya jaribio la kijiko. Futa majivu polepole kwa mkono hadi uuone udongo wenyewe, udondoshe tone la maji, uanze kuhesabu. Udongo mzima unalinywa mara moja. Tone likikaa limeviringana kama shanga hadi ufike arobaini, ujue udongo huo unakataa maji kwelikweli. Kisha chimba kidogo, sentimita mbili, tena nne, na ujaribu kila mara, kwa sababu mara nyingi juu panakunywa vizuri na tabaka baya liko chini kidogo. Rudia mahali kumi hivi. Nilipofanya mara ya kwanza, chini ya mikaratusi tone lilikaa hadi nikachoka kuhesabu, vumbi likiwa limeligandia kwa nje. Hatua ishirini pembeni, penye nyasi tupu, lilipotea kabla sijatamka mbili. Tangu hapo tulijua ni upande upi wa mlima wa kuogopa.

Hatua ya pili: tembea njia ya maji kutoka juu hadi mlangoni kwako

Maji ya mlima ulioungua hayaji peke yake. Yanakuja na vijiti, magogo, mawe, na mjini yanaongezewa chupa za plastiki na takataka zote tulizotupa ravinini. Mito ya Kahuwa na Wesha imebeba taka zetu hadi ziwani kwa miaka, na zinafika mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi. Taka hizohizo ndizo zinazojenga kizuizi usiku wa mvua. Maji yanajikusanya nyuma yake, kizuizi kinavunjika, na wanaokaa chini wanapigwa na wimbi wakati mvua kwao imeshapungua.

Kwa hiyo shuka na njia ya maji kwa miguu ukitafuta vitu vitatu. Kwanza, mahali pembamba: bomba la saruji chini ya barabara, daraja la mbao, ukuta wa mtu aliyejenga hadi ndani ya korongo. Pili, kona: maji mazito hayapindi vizuri, yanarukia upande wa nje, kwa hiyo nyumba iliyo upande wa nje wa kona iko hatarini hata kama inaonekana imeinuka. Tatu, mahali korongo linapotoka mlimani na kufunguka kwenye ardhi tambarare. Hapo tope hutawanyika na kubadili njia linavyotaka. Ukikuta mawe makubwa ya mviringo yamelala katikati ya viwanja, ujue hayakuletwa na mtu.

Ukishajua sehemu hizo, nenda kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, muombe salongo, kazi ya pamoja, ya kusafisha kabla mwezi wa tisa haujaingia. Msianze chini kwa kuwa ndiko mnakokaa. Anzeni juu, kwani uchafu wa juu utashuka wote. Na mnachokitoa kibebwe mbali. Nimeona watu wanazoa tope la mtaro na kulirundika ukingoni, mvua moja likarudi lote.

Hatua ya tatu: funika udongo

Kazi inayosaidia kuliko nyingine yoyote mlimani ni matandazo. Nyasi kavu, majani ya migomba, mabua ya mahindi, chochote kitakachofunika ardhi tupu ili tone la mvua lisiipige. Mtandaze hadi udongo usionekane sana, lakini pasiwe pazito kiasi cha kuzuia nyasi kuchipua. Anzeni na upande ulioshindwa jaribio la kijiko. Vigogo vilivyoungua vilazwe kwa kukata mteremko, vigandamizwe vizuri na kushikiliwa kwa vigingi. Kigogo kilicholazwa hovyo kitashuka na maji.

Msing'oe visiki. Najua kisiki cha mkaratusi ni kuni na kuni ni pesa, lakini mizizi ile, hata iliyokufa, bado inaushika mlima kwa muda. Pandeni matete kwa mistari inayokata mteremko mara mvua zinapoanza, kwa maana yanashika haraka.

Kuhusu mitaro ya kukinga maji mlimani nina onyo. Shambani, kwenye mteremko wa wastani, ni mizuri. Lakini kwenye mteremko mkali ulio moja kwa moja juu ya nyumba, penye udongo wetu wa mfinyanzi, mtaro unayaingiza maji ndani ya mlima, na mlima uliolewa maji unaporomoka. Hapo bakini na matandazo na majani.

Mifuko ya mchanga mlangoni inasaidia kuyageuza maji, haiyazuii. Ipangeni kwa mshazari ili maji yapate pa kupita, na mhakikishe hapo pa kupita si chumba cha jirani.

Hatua ya nne: pima mvua kwa kopo

Huhitaji mtambo. Chukua kopo ambalo limenyooka kutoka chini hadi juu, kama la maziwa ya unga, liweke mahali wazi mbali na paa na miti, ulifunge kwenye nguzo lisianguke. Rula ya shule ukiitumbukiza inakuambia moja kwa moja milimita zilizonyesha. Rula nyingi haianzi sifuri kwenye ncha, kwa hiyo ikate hadi pale sifuri ilipo.

Andika saa mvua ilipoanza. Ikipita nusu saa, angalia. Kopo likiwa na milimita 7 na juu yenu kuna mteremko ulioungua vibaya, usisubiri kuona maji korongoni. Watoto wetu walilichukua kopo letu kama kazi yao, na nilifurahi, kwani walianza kunikumbusha wao.

Lakini kopo lina udhaifu mmoja: linapima mvua ya kwako. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku kwenu jua linawaka. Mtafute mtu anayekaa huko juu, muwe na namba yake, na mumtumie salio kidogo mwanzoni mwa msimu. Simu yake moja, dakika kumi kabla maji hayajafika, ina thamani kuliko kopo langu.

Hatua ya tano: jueni mtakimbilia wapi, na nani atawaamsha

Hii ndiyo sehemu ninayoomba usiiruke.

Maji ya ghafla hukimbiwa kwa kupanda pembeni. Usishuke na korongo, wala usikimbie mbele ya maji ukidhani utayashinda. Toka kwenye njia ya maji kwa upande, upande wa juu. Tafuta sasa, mchana, mahali pa juu panapofikiwa kwa dakika chache bila kuvuka korongo, daraja wala mtaro: kanisa, shule, kiwanja cha ndugu. Tembeeni njia hiyo na familia nzima, kisha muirudie usiku bila taa. Usiku ndipo utakapojua kwamba geti la jirani linafungwa kwa kufuli saa mbili, au kwamba bibi hawezi kuzipanda zile ngazi za udongo. Mzee, mgonjwa, mama mjamzito, mwenye ulemavu: kila mmoja apewe mtu wake kwa jina, na mtu huyo ajue. "Tutamsaidia" haimwamshi mtu yeyote.

Kuamshana nako ni kazi. Mvua kubwa ikipiga mabati, humsikii hata mtu aliye chumba cha pili. Sisi tulijaribu kupiga kelele, haikufaa. Kilichofaa ni firimbi pamoja na kupiga ukuta wa mbao kwa mti, nyumba kwa nyumba, kila nyumba ikiwa na zamu ya kuigongea inayofuata kwa chini. Katika wiki za kwanza za mvua, usiku wenye mawingu mazito, watu wawili wanabaki macho na tochi, wanalimulika jiwe tulilolichora mstari mwekundu ukingoni mwa korongo. Maji yakigusa mstari, firimbi.

Kwenye begi moja karibu na mlango weka vyeti, kadi, dawa za kila siku, tochi, simu iliyojaa chaji, nguo kavu ya mtoto. Vyeti vifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Basi, lisizidi hapo. Begi zito linabaki nyuma au linamchelewesha mtu. Na katika miezi hiyo watoto wasilale chumba kinachopakana na korongo.

Hatua ya sita: mvua ikianza

Ondoka mapema ukiona mojawapo ya haya: maji ya korongo yamegeuka meusi au mazito ghafla, yameanza kuleta vijiti na majivu, yamepungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hili la mwisho linawadanganya wengi, wanadhani hatari imepita, kumbe huko juu pameziba. Ukisikia muungurumo kama wa lori kubwa linaloshuka, au mawe yanagongana, au ardhi inatetemeka chini ya miguu, acha begi, shika mkono wa mtoto, panda.

Usivuke maji yanayokimbia. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuisukuma gari ndogo. Hayo ni maji tu. Tope lenye mawe ni zito zaidi na chini yake huoni barabara kama bado ipo. Ukiwa kwenye pikipiki, mwambie motari asimame, hata akikuambia anaijua njia. Heri kulala kwa watu usiowajua.

Usirudi kuchukua kitu. Tope la mlimani mara nyingi huja kwa mawimbi, na la pili linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Msubiri mvua ikatike, na maji yashuke na kutulia, na mtu wa huko juu athibitishe.

Hatua ya saba: mkirudi

Rudini mchana. Kwanza zungukeni nyumba kwa nje: nyufa mpya ardhini, mti ulioinama, mlango uliogoma kufunguka, chemchemi iliyotokea pasipokuwa na maji, yote hayo yanasema mlima bado unatembea, na humo ndani hamlali. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe na asiukaribie mtoto.

Maji ya kunywa yashukuni yote, ya chemchemi na ya bomba. Vyoo vimejaa na kumwagika, na kipindupindu kiko Kivu Kusini mwaka hata mwaka. Chujeni kwa kitambaa safi, kisha myachemshe hasa, au mtie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji yenye majivu na tope yachujwe kwanza, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu ya dawa. Tope ndani ya nyumba mlitoe mkiwa na viatu vigumu, maana limeficha misumari, mabati na vioo. Aliyeumia au asiyeonekana, taarifa ifike kwa shefu wa avenyu na kwa watu wa Msalaba Mwekundu siku ileile.

Hadi lini

Palipoungua nyasi tu, msimu mmoja mzuri wa mvua unaweza kuufunika mlima tena. Palipoungua miti, miaka miwili ya kwanza ndiyo mibaya zaidi, na hatari inaweza kuendelea hadi mitano. Huko Ruidoso, New Mexico, mlima uliungua Juni 2024; mafuriko yaliyoua watu watatu yalikuja tarehe 8 Julai 2025, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Na kuna kitu kinachochelewa zaidi: mizizi ya miti iliyokufa inaoza polepole, na miaka kadhaa baada ya moto mteremko mkali unaweza kuporomoka kwa kukosa cha kuushika. Mkipanda miti mapema, mizizi mipya inaipokea kazi ile ya zamani.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi wa nane panda tena na kijiko chako, mahali palepale. Sisi ilituchukua misimu mitatu. Mwaka wa tatu tone lilizama kabla sijafika tano, hata chini ya mikaratusi, na matete yalikuwa yamenizidi kimo. Jioni ile tuliwarudishia watoto kitanda chao kwenye chumba cha korongoni. Kopo tuliliacha pale pale kwenye nguzo.